Hakuna Sahihi, Hakuna Chai

Sehemu ya Saba

Mliniacha nimesimama jikoni, mgongo kwa jiko, na mkono wa meneja umenyooka mbele yangu kama wa mtu anayengoja chenji.

"Nzilani," alisema Bwana Kiema, "lete hicho kitabu cha chai."

Sasa niwaambie nilichofanya. Nilimpa.

Ndio, nilimpa! Usitupe gazeti, ngoja kwanza.

Kama ndio unaingia leo, habari ni hii. Mimi ndiye mpika chai wa ofisi za Manispaa ya Itumbule. Mwaka juzi sukari ya ofisi ilikuwa inaisha kama maji kwa mchanga. Meneja wetu akatoa amri, akaibandika ukutani: kila anayekunywa chai, awe mkubwa, awe mdogo, awe mgeni, asaini kitabu. Jina, tarehe, saa, na vijiko vya sukari. Chini akaandika kwa wino mwekundu: HAKUNA SAHIHI, HAKUNA CHAI.

Alikuwa ananiwinda mimi. Lakini mimi sikuwa mwizi, basi nikawa naleta kitabu na kikombe, watu wanasaini, maisha yanaendelea. Mpaka wiki ile nilipompelekea mhasibu chai na kuona mezani kwake orodha ya safari za meneja. Siku hamsini na nane za kazi nje ya mji. Kisumu. Naivasha. Mombasa. Kila siku shilingi elfu kumi na nne za kulala na kula.

Na siku hizo zote alikuwa hapa, anakunywa chai yangu.

Siku ninayowasimulia, bodi ya manispaa ilikuwa inakaa saa tano. Mezani kulikuwa na barua ya kuwafuta kazi wafagiaji kumi na wawili wa mji, ati kwa sababu mishahara imekuwa mzigo. Wa nne kwenye hiyo orodha ni Kalekye, mamangu mzazi. Mshahara wake ndio unga wetu. Barua ikisainiwa, Jumatatu hana ufagio.

Haya, turudi jikoni.

Kiema alifungua kitabu. Akapindua ukurasa, akapindua mwingine. Uso wake ukalegea.

"Hiki kimeanza mwezi huu tu."

"Ndio, bwana. Kile kingine kilijaa."

"Na hivyo vilivyojaa viko wapi?"

Nikaangalia sufuria. Maziwa yalikuwa karibu kufurika. Nikapunguza makaa pole pole, kwa sababu mtu mwenye haraka akiona huna haraka, yeye ndiye anachoka.

"Si huwa nafungia watu maandazi, bwana. Makaratasi yalipanda bei."

Kiema alicheka! Alicheka mpaka ile kadi ya kazi aliyoivaa shingoni, iliyofungwa pamoja na ufunguo wa droo yake, ikaruka ruka kifuani.

"Umefungia maandazi vitabu vya serikali?"

"Kidogo kidogo tu, bwana."

"Basi umefanya vizuri. Ulifika darasa la ngapi wewe?"

"La nane."

"Kama walikufundisha kunyamaza, umesoma ya kutosha." Akakibana kitabu kwapani. "Leo chai iwe nzito. Na maandazi yasikuwe baridi."

Akaenda, viatu vyake vikilia ko ko ko kwa simiti.

Nilikuwa nimemdanganya, msomaji. Vitabu vilivyojaa vilikuwa sita, vimefungwa kamba, nimeviweka stoo nyuma ya gunia la makaa. Nikafunika sufuria, nikakimbia stoo, nikavuta gunia.

Hakuna kitu.

Nikavuta la pili. Panya mmoja akaniangalia kama mimi ndiye nimemkosea.

Hakuna kitu!

Nilitoka nje mbio. Na hapo uani, chini ya ukuta, mamangu alikuwa ameegemea mkokoteni wake wa takataka, anakula chungwa.

"Mwaitu!" Hivyo ndivyo sisi humwita mama. "Vitabu vimeibwa!"

"Punguza sauti. Havijaibwa. Ni mimi nilivitoa."

"Wewe? Saa ngapi?"

"Kabla hujaamka. Nzilani, wewe ulificha kitu nyuma ya makaa. Kila mtu kwa hii dunia huficha kitu nyuma ya makaa. Mimi nilikuwa naficha pesa yako ya shule hapo, na baba yako alikuwa anaipata kila mwezi."

"Sasa viko wapi?"

Akagonga mkokoteni kwa goti. Mkokoteni ulikuwa umejaa maganda ya machungwa, majani ya kabichi na kitu kingine ambacho sitakitaja kwa sababu labda unakula.

"Ndani ya gunia la simiti, chini kabisa. Niambie ni mtu gani wa suti atatia mkono hapo."

Nilitaka kumkumbatia, lakini harufu ilinishauri vingine.

"Nipe kimoja," nikasema. "Kile cha bluu, cha Machi mpaka Mei."

"Unakipeleka kwa yule mama wa Mwingi, wa bodi?"

"Siwezi. Si umeona ile notisi ya pili?"

Mama hajui kusoma, basi nikamweleza. Notisi ya pili inasema mfanyakazi akipeleka karatasi ya ofisi kwa bodi bila kupitia kwa meneja, amejifuta kazi mwenyewe. Nikikipeleka mimi, tunaenda nyumbani wawili.

"Sasa utafanya nini?"

"Nitapeleka chai."

Mama aliniangalia. Halafu akaanza kutabasamu upande mmoja, vile hufanya akishinda mtu wa soko bei. Akaingiza mkono kwa takataka mpaka kwapani, akatoka na kitabu kimoja cha bluu. Akakipanguza kwa leso.

"Kinanuka kidogo," akasema.

"Kilichoandikwa kinanuka zaidi."

"Sikiza. Kwa mwethya, kile kikundi chetu cha kusaidiana kazi, tukichimba mitaro ya shamba, ukikosa kuja unalipa faini. Kuku ama pesa, lazima. Miaka kumi na saba nimefagia huu mji, na sijasikia mahali pengine mtu akikosa kazi analipwa." Akatema mbegu ya chungwa. "Waambie hivyo."

"Mimi siendi kusema kitu, Mwaitu."

"Basi wamiminie."

Saa tano na nusu bodi ilikuwa imejaa ukumbini. Niliingia mara ya kwanza kupanga vikombe, na kupanga vikombe si kazi ya haraka.

Kwenye kiti kikubwa alikaa mwenyekiti, Mzee Kaveke, mwalimu mkuu mstaafu. Nusu ya mji alishaichapa viboko na nusu nyingine inamwogopa kwa kusikia. Kulia kwake, meneja Kiema, suti ya kijivu. Kushoto, mhasibu Mbaluka, mtu mwembamba anayetoka jasho hata Julai. Na mbele yao Bi Nusaiba, muuza vitambaa wa kutoka Mwingi, anayewakilisha wafanyabiashara. Kulikuwa na wajumbe wengine wanne ambao kazi yao ilikuwa kuitikia.

Bi Nusaiba ndiye alikuwa ameomba, kabla barua ya wafagiaji kusainiwa, aone kwanza wakubwa wanapata nini. Miwani ilikuwa kwenye ncha ya pua. Karatasi aliishika mbali na macho kama kitambaa anachokikagua kama kina tundu.

"Meneja, hapa naona marupurupu ya nyumba."

"Ni haki yangu kisheria, Bi Nusaiba."

"Sijakataa. Na hiyo nyumba unayolala ni ya nani?"

"Ya manispaa."

"Unailipia kodi?"

"Hiyo ni nyumba ya kazi."

"Basi hizi pesa za nyumba zinalala nyumba gani?"

Mjumbe mmoja alicheka, akakumbuka kazi yake, akakohoa.

"Tuendelee," akasema Bi Nusaiba. "Ada ya klabu ya gofu."

"Huko ndiko tunakutana na wawekezaji."

"Umetuletea wangapi?"

"Mazungumzo yanaendelea."

"Mimi mashimo ninayoyajua hapa Itumbule ni ya barabara ya soko. Haya. Marupurupu ya mazingira magumu?"

Mwenyekiti akaingilia. "Hiyo ni kwa sababu ya joto, Bi Nusaiba. Ni kawaida."

"Joto lenyewe hili, Mwalimu? Kwani wafagiaji wao hufagia kivulini?"

Kikombe kimoja nikakipanga mara mbili.

"Na safari," akaendelea Bi Nusaiba. "Siku hamsini na nane. Machi peke yake, Kisumu, tarehe kumi mpaka kumi na nne. Naivasha, siku sita. Mei, Mombasa, siku tano, watu wawili. Laki nane na elfu kumi na mbili kwa jumla, hesabu ya mtu mmoja. Nimepiga hesabu usiku wote dukani, Mwalimu. Pesa hizi zinawalipa wale wafagiaji kumi na wawili karibu miezi saba."

Kiema akasimama. Ee, huyu mtu alijua kusimama! Alifunga kifungo cha koti, akaweka mkono kifuani.

"Ndugu wajumbe. Watu wa mji huu hawanioni. Unajua kwa nini? Kwa sababu niko barabarani, nawatafutia maendeleo. Nalala hoteli, nakula chakula cha hoteli, familia yangu imenisahau. Niseme ukweli wa Mungu, mwaka huu chai ya hii ofisi sijui hata ina ladha gani!"

Wale wanne wakaitikia.

"Tukubaliane," akaendelea, "kufagia ni kazi ambayo hata upepo unaweza. Mwenyekiti, tusaini barua, tukanywe chai."

"Sawa kabisa," akasema Mzee Kaveke, akaitoa kalamu mfukoni. "Nzilani, leta chai."

Wakati ulikuwa umefika. Nikaenda, nikarudi na sinia, na kitabu kikiwa chini ya sinia.

Nikamimina kikombe cha kwanza, cha mwenyekiti. Akanyoosha mkono. Mimi nikavuta kikombe nyuma, kidogo tu, kwa heshima zote.

"Samahani, Mwalimu. Kusaini kwanza."

"Kusaini nini?"

"Chai. Imeandikwa ukutani. Mkubwa, mdogo na mgeni."

Ukumbi ukacheka. Hata Mbaluka alicheka, na huyo hucheka Krismasi tu. Lakini aliyefurahi kuliko wote alikuwa meneja mwenyewe. Alijiegemeza kitini kama bwana harusi.

"Mwenyekiti, hiyo ndio nidhamu niliyoileta! Hapa hata kijiko cha sukari kina rekodi. Kila Ijumaa mimi mwenyewe nakagua kitabu na kugonga muhuri. Mimi mwenyewe!"

"Safi sana," akasema Mzee Kaveke. "Lete nisaini."

Nikatoa kitabu chini ya sinia, nikakiweka mezani.

Kile alichochukua Kiema asubuhi kilikuwa kijani. Hiki kilikuwa bluu, na kona moja ilikuwa na ganda la chungwa.

Nikamwona Kiema akiangalia ile rangi. Tabasamu lilibaki usoni, lakini hakukuwa na mtu ndani yake.

Nikafungua kurasa, ati natafuta nafasi. Nikaacha kitabu wazi, mbele ya mwenyekiti, karibu na kiwiko cha Bi Nusaiba.

"Mwanangu," akasema Bi Nusaiba, "mbona hapa pamejaa?"

"Kile kipya meneja amekichukua asubuhi, mama. Nikaona nilete hiki, labda kina nafasi mbele."

"Ngoja, usifunge." Miwani ikapanda pua. "Ijumaa, tarehe kumi na nne Machi. Saa nne. Kiema. Vijiko vitano." Akapindua nyuma. "Alhamisi tarehe kumi na tatu. Kiema. Vijiko vitano. Jumatano, Kiema, vitano. Meneja, unapenda sukari."

Akageukia mwenyekiti.

"Mwalimu, nisaidie kusoma. Si tarehe hizi ndizo alikuwa Kisumu?"

Kiema akaruka. "Huyo ni msichana wa darasa la nane! Ameandika tarehe vibaya!"

"Tarehe zimeandikwa na wanaosaini," nikasema taratibu. "Mimi huleta kalamu tu."

"Basi mtu alitumia jina langu! Hiyo si sahihi yangu! Hiki kitabu ni takataka, hata harufu inaonyesha!"

Na hapa ndipo nilijua ameingia mtegoni. Kwa sababu nilikuwa nimengoja hilo neno, "si sahihi yangu," tangu asubuhi, na lilikuja lenyewe, bila kuitwa.

Bi Nusaiba akaweka kidole ukurasani. Aligeukia mhasibu. "Mbaluka, huu muhuri hapa chini unasemaje?"

Mbaluka alikuwa ameuma andazi. Akabaki nalo mdomoni.

"Meza, kisha ujibu."

Akameza. "Unasema... Imekaguliwa na Meneja wa Manispaa."

"Na tarehe ya muhuri?"

"Kumi na nne Machi."

"Huu muhuri hukaa wapi?"

"Kwa droo ya meneja."

"Na ufunguo wa droo?"

Mbaluka akainua macho. Aliangalia tu. Na sisi wote tukaangalia pale alipoangalia, shingoni mwa Kiema, ufunguo ule ukiwa umetulia juu ya tai.

"Kwa hivyo muhuri ulitoka Kisumu ukaja kukagua sukari," akasema Bi Nusaiba, "ukarudi kulala hotelini."

Ukumbi ulilipuka. Wale wanne, kwa mara ya kwanza maishani, waliongea bila kuitikia mtu.

"Na tena," Bi Nusaiba akapaza sauti, "si kitabu hikihiki ulikuja nacho hapa ukamfukuza mlinzi, Kitheka? Ati amekunywa vikombe viwili akasaini kimoja? Siku hiyo ulituapia kitabu hiki hakidanganyi!"

Kiema alipapasa mifuko yote ya koti. Alikuwa kama mtu anayetafuta swichi gizani.

Mzee Kaveke akapiga meza. Vikombe vikaruka.

"Aibu!" Ilikuwa ile sauti ya paredi ya shule, na mgongo wangu ukanyooka wenyewe. "Aibu kubwa! Tunawatoa akina mama jasho, na mtu analipwa kulala kwake! Hii barua ya wafagiaji haisainiwi mpaka jambo hili lifike mwisho!"

Akaichukua barua, akaiweka chini ya kiwiko.

Nilishukuru Mungu kimoyomoyo. Dirishani nilimwona Mwaitu akifagia pale pale alipofagia dakika kumi zilizopita, sikio likiwa upande wetu.

Wakati huo huo adhana ikasikika kutoka msikiti wa sokoni.

"Mwalimu, naomba dakika kumi na tano nikaswali," akasema Bi Nusaiba. Akakisukuma kitabu kwa mwenyekiti kwa mikono miwili. "Tumesoma Machi tu. Nikirudi tusome Aprili na Mei. Nakuachia amana."

"Amana kwa mwalimu haipotei," akasema Mzee Kaveke.

Watu wakatoka kunyoosha miguu na kupiga simu. Mimi nikabaki kukusanya vikombe. Mwenyekiti akabaki anapindua kurasa, anatikisa kichwa, anafurahia makosa ya mwingine kama mtu anayekula njugu. Aprili. Akatikisa. Mwanzo wa Mei. Akatikisa.

Halafu kichwa kikasimama.

Mkono wake ukafunga kitabu polepole sana.

Sasa nikiri kwenu jambo. Wiki nzima nilikuwa nimetafuta jina moja tu kwa vile vitabu, la Kiema. Ukitafuta mbuzi mweusi, yule mweupe atapita mbele yako anakula mboga zako. Mombasa, Bi Nusaiba alisema. Mei. Siku tano. Watu wawili.

Nikaanza kukumbuka chai niliyopeleka ofisini kwa meneja, Jumatano moja ya Mei, yeye na mgeni. Maandazi manne. Na yule mgeni alisaini vizuri sana, herufi zimelala upande mmoja, vile walimu wa zamani huandika ubaoni.

Na mwalimu wa zamani nilikuwa naye hapo mbele yangu.

"Nzilani, mwanangu," akasema Mzee Kaveke. Ile sauti ya paredi haikuwepo tena. Hii ilikuwa ya mtu anayebembeleza ng'ombe asimame akamwe. "Funga mlango."

Nikaufunga.

"Hiki kitabu kiko peke yake?"

Nikaendelea kupanga vikombe kwenye sinia.

"Mimi nimefundisha miaka thelathini na moja. Mtoto asiyejibu, najua ana jibu." Akaivuta barua ya wafagiaji kutoka chini ya kiwiko, akatoa kalamu. "Kalekye ni mama yako, sivyo? Yuko namba nne. Naweza kumtoa sasa hivi. Mstari mmoja tu, hivi. Abaki na kazi yake mpaka azeeke."

"Na wale kumi na mmoja, Mwalimu?"

"Huwezi kubeba kijiji kizima kwa mgongo, mwanangu. Nipe vyote. Viko wapi?"

Akanyoosha mkono. Mkono mwingine tena mbele yangu, siku moja, vitabu vile vile! Tofauti ni kwamba mkono wake mwingine ulikuwa na kalamu juu ya jina la mamangu.

Niseme ukweli? Nilifikiria. Nilifikiria magoti ya Mwaitu yanayolia akiinama. Nilifikiria debe la unga. Jicho langu likaenda dirishani, kule uani kwenye mkokoteni, kama kupepesa tu, likarudi.

Halafu nikaangalia kikombe chake. Katika zile kelele nilikuwa nimekiweka mbele yake, na hakuna aliyekumbuka. Chai ilikuwa imepoa, imeshika utandu juu. Nikafungua kitabu mbele yake, ukurasa wa mwisho, penye mistari miwili mitupu, nikaelekeza kwa kidole.

"Mwalimu," nikasema, "bado hujasaini chai."

Alinitazama. Mimi nilishachapwa shuleni, nilijua hilo jicho. Lakini sikuondoa kidole.

"Wewe msichana," akasema polepole, "hujui unacheza na nani."

"Hata kama ni kikombe kimoja, Mwalimu. Ndiyo amri."

Na hapo ndipo nikasikia mlango wa nyuma ukigonga ukuta kwa upepo. Ule wa nyuma, ambao sikuufunga. Nikageuka.

Koti la nani lilikuwa limeanguka hapo kizingitini? La kijivu.

Kiema hakuwa ametoka na wengine. Alikuwa amesimama hapo muda wote. Alisikia swali la mwenyekiti, na akaona jicho langu lilikoenda. Mimi ambaye kazi yangu ni kuangalia watu, nilikuwa nimesahau kwamba hata mimi naweza kuangaliwa.

Nikakimbilia dirisha.

Meneja wa Manispaa ya Itumbule, shati jeupe, tai imerushwa begani, majani ya kabichi mpaka kwa kiwiko, alikuwa anasukuma mkokoteni wa takataka mbio kuelekea langoni, gurudumu moja likilia kama mbuzi. Watu walikuwa wameacha simu zao. Mbaluka alikuwa amesimama na andazi lingine. Na nyuma ya mkokoteni, ufagio juu kama mkuki, magoti na yote, Mwaitu alikuwa anakuja.

"Rudisha!" alikuwa anapiga kelele mpaka sokoni. "Kiema wewe, rudisha kazi yangu!"

Tangu aajiriwe, ilikuwa mara ya kwanza kumwona meneja wetu akitoa takataka ya mji.

Na lango lilikuwa wazi.